Jerikani yako iko wapi? Uchambuzi wa kisa kimoja cha Nakivale

Mama Fundi alinijibu sentensi moja nikakosa la kusema. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni pake, daftari la kutembelea nyumba mapajani, nikamwambia yale niliyofundishwa kumwambia mtu mwenye mawazo mengi: ajitahidi kutoka nje, apunge upepo, atembeetembee asubuhi, maana mwili ukichangamka moyo nao hufuata. Akainua macho, mara ya kwanza siku ile, akasema: "Kutembea? Mimi nimetembea kutoka Rutshuru."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike kisa hiki. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, VHT kama tunavyoitwa Uganda nzima, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Mama Fundi amekubali habari zake ziandikwe. Nilimsomea, akafuta mambo mawili, na mengine madogo nimeyabadilisha mimi asije akatambulika. Jina la Mama Fundi alilichagua mwenyewe, kwa sababu ya cherehani.

Kwa asiyepajua, Nakivale inapokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wapo Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine, wanaishi kando ya ziwa lenye jina hilohilo, wamezungukwa na Wanyankole na ng'ombe wao wa pembe ndefu. Sokoni, bombani na kanisani lugha inayotuunganisha ni Kiswahili, kila mtu na lafudhi yake.

Mama Fundi alivuka kutoka Kongo Juni 2022, mji wa mpakani wa Bunagana ulipotekwa na waasi. Alipitia kituo cha mapokezi cha Nyakabande kule Kisoro, akapakiwa basi pamoja na watoto wake watatu hadi huku. Mume alikuwa amesema atawafuata baada ya siku mbili. Cherehani ya miguu aliyoinunua kwa miaka minne ya kudunduliza aliiacha kwa jirani, imefunikwa kitenge.

Mwaka wa kwanza alisimama imara. Alijenga nyumba ya udongo kwenye kiwanja alichopewa, akawa anashona kwa mkono, kupunguza suruali za watoto wa shule, kutia viraka, kufunga vifungo. Kisha mambo mawili yakaja karibu wakati mmoja. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipozigawa kaya katika makundi kwa kupima uhitaji, mgao wake ukapungua sana. Na siku moja simu ililia, mtu wa kwao akamwambia mume hatakuja, alikwisha kuzikwa tangu mwezi uliopita.

Hakulia. Majirani wote wanalikumbuka hilo. Alimaliza kushona kifungo alichokuwa nacho mkononi, akaingia ndani.

Baada ya hapo mlango ukawa unafunguliwa nusu. Alilalamika kichwa kinawaka moto na kifua kimejaa, akaenda kituo cha afya mara nne kwa miezi miwili, na mara zote nne akarudi na vidonge vya maumivu. Mahali pengine aliombewa usiku kucha, akaambiwa ana roho ya kifo inayomfuata. Simlaumu aliyemwombea. Angalau yeye alikesha naye. Lakini asubuhi ilipofika alirudi kwenye nyumba ileile peke yake. Usiku hakulala, mchana hakuamka. Binti yake mkubwa, wa miaka 10, ndiye aliyekuwa anachota maji na kuokota kuni, na mwalimu alikuwa amekwisha kuuliza mara mbili mbona mtoto haonekani darasani. Mimi nilikuja kwa sababu ya mtoto. Mama mwenyewe hakuwa kwenye orodha yangu, na hilo ni kosa langu, kwa sababu nilipita mbele ya ule mlango wa nusu kila wiki.

Tunavyoliita

Vitabuni ugonjwa huu unaitwa sonona. Ni neno zuri, lakini ukilitamka bombani kwetu watu wataangaliana. Hapa husemwa "ana mawazo mengi," au "moyo umevunjika," na ikizidi, "anaanza kuchanganyikiwa." Kutoka "mawazo mengi" hadi "kuchanganyikiwa" ni hatua ndogo sana midomoni mwa watu, na ndiyo maana wengi hukaa kimya katika hatua ya kwanza wasije wakaitwa kwa jina la hatua ya pili.

Uganda ina mfano wake wa siku nyingi katika jambo hili, nao ulianzia kwenye neno. Watafiti waliokwenda Masaka na Rakai, eneo ambalo UKIMWI ulikuwa umeacha makaburi karibu kila ua, waliwauliza kwanza wanakijiji wenyewe huzuni ya aina hii wanaiitaje. Wakapewa maneno ya Kiganda: okwekubazida, ile hali ya mtu kujihurumia bila kikomo, na okwekyawa, kujichukia. Katika vijiji 30 wakalinganisha watu waliokutana kwa vikundi vya mazungumzo mara moja kwa wiki, wiki 16, na wenzao ambao hawakuwa na vikundi. Walioongoza vikundi walikuwa watu wa maeneo yale, si madaktari, waliofunzwa kwa muda mfupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Waliokuwa vikundini, wenye ugonjwa walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Wasio na vikundi walishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7.

Watu hunukuu namba ya kwanza tu. Mimi naitazama na ya pili. Inasema muda peke yake huwapunguzia mzigo baadhi ya watu, na inasema pia kwamba zaidi ya nusu ya walioachiwa muda peke yake walibaki palepale. Mama Fundi alikuwa ameachiwa muda miezi mitano.

Wazo halikuwa langu

Baada ya lile jibu lake nilikwenda kwa jirani yake wa pili, bibi mmoja Mrundi ambaye watu humsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi. Nikamwambia nataka tuanzishe matembezi ya akina mama, asubuhi, kwa ajili ya afya ya akili. Bibi akacheka, kisha akanionea huruma. Akaniuliza kama najua mwanamke wa kijiji hiki anatembea kiasi gani kwa wiki. Bomba ni dakika 20 kwenda, na foleni. Kuni ni zaidi ya saa moja kwenda, kwa sababu miti ya karibu iliisha zamani. Soko, kituo cha afya, siku ya mgao, shamba la kukodi. "Unataka kumwongezea safari," akasema. "Mpunguzie upweke katika hizi alizo nazo."

Ushahidi kwamba kutembea hutibu upo, na ni mzito. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2024, uliokusanya majaribio 218 ya mazoezi kwa wenye sonona, uliweka kutembea na kukimbia polepole miongoni mwa mazoezi yenye kufaa zaidi. Siupingi hata kidogo. Lakini ushauri wa "tembea" ulipomfikia Mama Fundi ulikuta miguu ambayo tayari ina maana yake. Kwake kutembea kulikuwa ni kukimbia kwao, ni kubeba mtoto mgongoni na mwingine kumburuta, ni kumpa mume kisogo. Nikimwambia atembee kwa afya ni kama nimemwambia aliyenusurika kufa maji akaoge ziwani apoe.

Bibi alichagua wanawake wanne, na yeye wa tano. Walikuwa wanakwenda kuni Jumanne na Ijumaa tayari, wawiliwawili, kwa sababu porini peke yako si salama: kuna wenye mashamba wanaofukuza, na kuna wanaume wabaya zaidi ya hao. Kilichobadilika ni njia tu. Badala ya kukata kupitia uwanja wa mpira, wakawa wanapita mlangoni kwa Mama Fundi saa kumi na mbili na nusu. Na Bibi aliwapa sharti la maneno. Wasimwambie "njoo," wala "pole," wala "unajisikiaje leo." Waulize: "Jerikani yako iko wapi?"

Wiki mbili za kwanza jerikani ilitoka na yeye hakutoka. Binti aliiweka mlangoni usiku, jerikani ya njano ya lita 20 iliyopoteza kifuniko, mdomo wake umezibwa na ndizi mbichi kama zilivyo nyingi huku. Wanawake waliichukua, wakaijaza wakati wa kurudi, wakaiacha pale. Mtoto akarudi shule. Kama kisa kingeishia hapo, kwangu kingekuwa kimefaulu.

Wiki ya tatu mmoja wao aliona ndizi imebadilishwa. Ile ya zamani ilikuwa imekauka na kuwa nyeusi, maji yalikuwa yakivuja njiani na kumlowesha mbebaji shingo. Sasa ilikuwa mbichi, imechongwa kwa kisu ikae sawasawa. Mtoto hawezi kuchonga vile. Mwanamke yule aliniletea habari hiyo jioni kama mtu aliyeona mwezi wa Idi. Ijumaa iliyofuata Mama Fundi alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kiunoni na kamba mkononi, hakusalimia, akaungana nao nyuma.

Kwenda na kurudi

Niliwahi kufuatana nao mara mbili, kwa ruhusa yao, na nilijifunza jambo ambalo sikulisikia katika mafunzo yoyote. Wanawake wa Kivu, mashariki mwa Kongo, hubebea kuni mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Ukibeba hivyo shingo inakaza, uso unatazama ardhi, na pumzi haitoshi kwa maneno. Kwa hiyo kurudi ni kimya kitupu, unasikia miguu tu na kuni zikisuguana. Maneno yote ni ya kwenda, mikono ikiwa mitupu. Na njia ya kwenda ni nyembamba, mnapangana mmoja nyuma ya mwingine, anayesema anasemea mgongo wa mwenzake. Hakuna macho yanayokutazama. Mama Fundi kwa majuma mengi alitembea wa mwisho, na aliposema alisema nyuma ya Bibi.

Mambo yaliyotoka yalitoka kwa vipande. Kwanza cherehani. Alizungumza juu ya cherehani siku tatu, imetengenezwaje, ilikuwa inakataa uzi wa aina gani, kabla ya kumtaja mume. Wanawake hawakumharakisha. Mmoja wao, ambaye naye alifiwa, alinieleza baadaye kwamba alijua tangu mwanzo cherehani ni nani.

Na katikati ya njia kuna jiwe pana ambapo wote hutua mizigo wakati wa kurudi. Hapo ndipo alipolia, karibu miezi saba baada ya ile simu. Walikaa naye mpaka jua likawa kali, wakachelewa kupika. Waume wawili walikasirika siku hiyo, na Bibi akaenda mwenyewe kuzungumza nao.

Kwa nini njia hii ilifanya kazi pale ambapo ushauri wangu ulishindwa? Nadhani sababu kubwa ni kwamba hakuombwa apone kwanza ndipo atoke. Mtu mwenye mawazo mengi husubiri hamu irudi ndipo afanye jambo, na hamu hairudi mpaka jambo lifanyike. Kuni hazisubiri hamu. Pia hakuwa mgonjwa kwenye ule mstari, alikuwa mbebaji wa kuni kama wengine, na alirudi na kitu mkononi ambacho watoto walikiona jikoni. Na kurudi amechoka kulimpa usingizi. Alilala saa nne mfululizo, baadaye tano.

Siku ambayo njia haikutosha

Wanawake walikuwa na kanuni yao: la njiani hubaki njiani. Bila kanuni hiyo hakuna ambaye angefungua mdomo. Lakini asubuhi moja Mama Fundi alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba amekwisha kupanga watoto wataishi kwa nani, na yeye anatamani asiamke tena.

Walirudi nyumbani bila kuni. Kisha wakabishana, na ubishi wao ulikuwa wa haki. Kanuni ya Adhabu ya Uganda imehesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na hapa watu wanalijua hilo vizuri zaidi kuliko wanavyojua kwamba kuna dawa. Wawili waliogopa kwamba wakiniambia mimi, nitaandika, polisi watakuja, watoto watachukuliwa. Bibi akaamua. Akasema kanuni ilikuwa ni ya kumlinda, na leo kumlinda ni kusema. Wawili wakabaki naye, mmoja akaja kwangu mbio.

Hakupelekwa kwa polisi. Alipelekwa kituo cha afya, safari hii kwa afisa anayeshughulikia magonjwa ya akili, ambaye huja siku maalumu tu. Kwa bahati ilikuwa siku yake. Alimhoji kwa muda mrefu, mlango umefungwa, kwa Kiswahili, bila mkalimani, na hili la lugha nalihesabu kuwa nusu ya dawa. Akamwanzishia vidonge, akatueleza kwamba vitachukua wiki kadhaa kabla hatujaona mabadiliko, na kwamba wiki hizo ndizo za kuwa macho zaidi. Dawa za shambani zilizokuwa chini ya kitanda zilihamishiwa kwa jirani siku hiyohiyo. Wanawake wakapangiana kulala kwake kwa zamu, usiku 20.

Nasisitiza hapa kwa sababu nimeona watu wakiisimulia habari hii kana kwamba urafiki ulitosha. Haukutosha. Urafiki ndio uliosikia, na ndio uliomfikisha. Alikuwa anahitaji tabibu, na angemhitaji mapema zaidi kama mtu mmoja katika zile safari nne za kwanza angemuuliza analalaje. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 inataka huduma hii ipatikane hadi kwenye vituo vya msingi, si hospitali ya Butabika peke yake kule Kampala. Kwa mama wa kijiji changu sheria hiyo ina maana moja: je, leo ni siku ya afisa au si siku yake?

Fulana

Kisha tukaharibu. Nasema "tuka" kwa sababu mlango niliufungua mimi.

Shirika moja lilisikia habari za kikundi. Walikuja na gari, wakiwa na nia njema kabisa, wakaomba wanawake waongoze matembezi ya tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani. Kulikuwa na fulana nyeupe, soda, na bendera ya kitambaa yenye maandishi. Watu zaidi ya 100 walijitokeza. Nilifurahi. Mpiga picha akauliza ni nani aliyesaidiwa, mtu akanyoosha kidole, Mama Fundi akasogezwa mbele akashikishwa bendera.

Jioni hiyo mtaa mzima ulijua kwamba yule ndiye "mama wa mawazo." Wiki iliyofuata bombani pakazuka habari kwamba wale watano wanalipwa kwa kila safari, ndiyo maana walikuwa wakimpitia. Na mmoja wa watano, akijitetea kwamba hajala pesa ya mtu, akasimulia mbele ya foleni mambo ya kwenye jiwe.

Mlango ukafungwa, si nusu, wote. Wiki tatu jerikani haikutoka. Hata dawa alikosa siku tisa, kwa kuwa kwenda kuzichukua kulimpitisha mbele ya bomba.

Hakuna mkutano uliolitengeneza hili. Nilipendekeza mkutano, Bibi akanikatalia. Yule aliyesema alikwenda peke yake, usiku, akiwa na sufuria ya sombe, akakaa nje ya mlango bila kubisha mpaka ikapoa. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu mlango ulifunguliwa. Waliyoambiana ni kati ya yale mambo mawili aliyoyafuta. Ninachojua ni kwamba Ijumaa hiyo kamba yake ilikuwa mkononi, na kwamba walibadilisha njia wasipite bombani.

Sipingi matembezi ya fulana. Yanaweza kumfanya mtu asikie kwa mara ya kwanza kwamba jambo hili linasemeka hadharani. Lakini yale ni ya watu kuonekana, na nguvu ya kikundi hiki ilikuwa katika kutoonekana: wanawake sita wanakwenda kuni, hakuna cha kutazama. Tulipokitoa kwenye mwanga tulikichoma. Tangu hapo wageni wanaoniuliza nawaeleza utaratibu, siwapeleki kwa mtu.

Na wanaume? Nimeulizwa na sina jibu zuri. Wanaume wa hapa hawana safari ya pamoja ya kila wiki. Njia ya kwenda kwenye pombe ya ndizi wanaitembea pamoja, kweli, na nimesikia kwamba huko pia watu hulia, lakini asubuhi hakuna anayekumbuka aliyelia ni nani. Vijana wa boda boda wana kituo chao na mfuko wao wa kuzikana. Pengine pa kuanzia ni hapo. Bado sijajaribu.

Alipo sasa

Mama Fundi anaendelea na dawa, chini ya uangalizi wa yule afisa. Safari ya kwenda kuzichukua ni ya watu wawili siku zote. Kuna siku analala mpaka mchana na mlango unafunguliwa nusu, nao wanajua, wanachukua jerikani na kwenda. Amekodi cherehani sokoni kwa siku tatu za wiki, pamoja na mwanamke mwingine. Binti yake yuko darasani. Kuhusu mume, bado hajafanya matanga, anasema atayafanya atakapojua kaburi liko wapi.

Mwezi uliopita nyumba zetu zilipata majiko yanayotumia kuni kidogo, na wengine wameanza kutengeneza makaa ya takataka za migomba. Ni jambo jema mno: migongo itapona, miti itapumua, na ugomvi na wenyeji utapungua. Lakini safari za kuni zimeshuka hadi moja kwa wiki mbili, na nilianza kuhofia kwamba tumewaondolea mzigo pamoja na njia. Sikuwaambia. Jumanne iliyopita, saa kumi na mbili na nusu, nilisikia miguu. Walipita mbele ya nyumba yangu wote sita, bila kamba, Mama Fundi wa tatu kwenye mstari, wakielekea upande wa ziwani ambako kuna mama aliyepoteza mtoto wiki iliyotangulia. Bibi alikuwa amebeba jerikani tupu.